Siku Alipoanguka Farasi wa Mjomba

Jumamosi ile sebuleni kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Nalisema hili mwanzo kwa sababu baadaye, watu walipoanza kulaumiana, kila mtu alijikuta hakuwa na sauti. Mama alikuwa anapepeta mchele. Mume wangu alikuwa anaangalia tu. Bibi macho hayaoni mbali. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni, ushungi umeniteleza mabegani, ninapiga makofi.

Katika ukoo wetu wote, kutoka hapa mpaka Quiterajo, hakuna aliyewahi kumgusa farasi kabla ya mjomba wangu. Ni mdogo wa mwisho wa mama, tumepishana miaka michache tu, tumekula sahani moja na tumechapwa pamoja chuoni kwa kusahau sura za Kurani. Alikwenda Ureno kuvuna matunda, akapelekwa kusafisha mabanda ya farasi, na huko wakaona wanyama wanatulia mikononi mwake. Mwenzake mmoja akamvuta Uingereza. Alipopiga simu kusema sasa yeye ni mtunza farasi, Bibi aliuliza, "Farasi wa nani, mwanangu? Wa mfalme?"

Hawakuwa wa mfalme. Walikuwa farasi wa mbio za viunzi. Mjomba alinieleza kwa simu ili niwaeleze wengine, maana mimi ni mwalimu wa shikola, ndivyo tuitavyo shule huku, na nyumbani huchukuliwa kwamba mwalimu anaelewa kila kitu. Alisema si zile mbio fupi za uwanja mtupu. Hizi ni ndefu, farasi anakimbia mpaka povu linamtoka, na njiani anaruka kuta za matawi zinazofika kifua cha mtu mzima, nyingine zikiwa na mtaro upande wa pili. Yeye hapandi. Kazi yake ni kulisha, kuogesha, kukanda miguu, kulala bandani farasi akiumwa tumbo.

Farasi aliyekuwa chini ya mkono wake hasa alikuwa wa kahawia, mguu mmoja mweupe. Mjomba alikuwa akitutumia video zake. Bibi alikuwa akiishika simu karibu kabisa na jicho na kucheka. "Mtazame anavyomsuka nywele! Anamsuka kama mwali anayetolewa ndani." Mama alimwombea farasi yule dua kama anavyotuombea sisi. Tulikuwa tumerudi kutoka kwenye kukimbia vita, nyumba ina ukuta mpya na mlango wa zamani, na habari za mnyama mwenye afya njema mahali palipo na amani zilikuwa habari tulizozipenda.

Basi farasi wetu, maana tulishaanza kumwita wetu, akachaguliwa kuingia kwenye mbio kubwa za mwaka. Mume wangu akahangaika na dishi juu ya bati mpaka akaipata stesheni. Alasiri ilipokwisha kuswaliwa, tukakaa.

Nilimtambua kwa ule mguu mweupe. Nilimwona na mjomba pia, dakika moja tu, amevaa koti na tai, amemshika farasi kigwe, anamzungusha taratibu mbele ya watu. Mama aliacha ungo akalia. Halafu wakaachiwa.

Sijui nielezeje uzuri ule bila kuona haya. Wanyama wakubwa vile, wote kwa pamoja wanaondoka ardhini, wanaelea, wanatua, udongo unaruka. Kila mara farasi wetu alipovuka kiunzi nilihisi mwili wangu umevuka. Walianza wengi. Wengine wakaanguka, wakainuka, wakakimbia bila mpandaji, na sisi tukacheka kwa jinsi walivyokuwa wakikimbia tu na wenzao kama watoto waliochelewa shikola. Wengine walichoka wakasimamishwa. Wetu alibaki kundi la mbele. Kuelekea mwisho nikaona shingo yake imeshuka. Hata mimi nisiyejua farasi niliona kachoka. Mpandaji akainua fimbo.

Hapo ndipo nilipopiga ukelele. "Mchape! Mchape huyo!"

Darasani kwangu situmii fimbo. Nilipoanza kazi niliikuta moja nyuma ya mlango, nikaivunja mbele ya watoto, na wazazi wengine mpaka leo wananisema kwa hilo. Lakini nilisema mchape, mara nyingi, kwa sauti ya kusikika barabarani, na mpandaji akamchapa, na farasi akaruka.

Hakuruka vizuri. Miguu ya mbele iligonga matawi, akapinduka kwa shingo. Mpandaji alibingirika akatoka. Kamera iliendelea na waliobaki, kwa sababu mbio zilikuwa hazijakwisha. Pale nyuma, pembeni ya picha, niliona watu wanakimbia wamebeba pazia refu la kijani, wanalisimamisha kuzunguka mahali alipolala.

"Ameanguka?" Bibi aliuliza. "Mbona mmenyamaza?"

"Ameanguka, Bibi."

"Wenzake mbona hawasimami?"

"Wamepandwa na watu, Bibi. Hawawezi kusimama."

Akafikiri. "Mimi nilipoanguka njiani, tukikimbia vita kwenda Nhica, mlisimama. Watu tusiowajua walisimama pia." Halafu akauliza, "Na lile pazia la nini?"

Mama alinitazama. Mume wangu alinitazama. Nikasema, "Wanampa maji, apumzike kivulini."

Bibi alinyoosha mkono, akatafuta ukingo wa mkeka, akajiinua, akaenda uani kutawadha kwa Magharibi, ingawa jua lilikuwa bado liko juu. Nilijua hakuniamini. Mtu aliyeishi umri wake katika nchi hii hadanganywi kwa pazia.

Mume wangu anauza nyama ya mbuzi sokoni. Nilitegemea atafanya mzaha, na alianza nao. "Sasa tutalia farasi wa Wazungu, sisi tunaochinja kila Idi?" Lakini uso wake haukuwa wa mzaha. Akasema, "Mimi nakificha kisu mbuzi asikione. Hawa wanamficha farasi watu wasimwone. Si kitu kimoja."

Mjomba alipiga simu baada ya Isha. Alikuwa anarudi kwenye lori la farasi, na nyuma hamna kitu; farasi walimmaliza pale pale, nyuma ya pazia. Alisema bado amekishika kile kigwe, hajui akiweke wapi.

"Mlitazama?" akauliza.

"Tulitazama."

"Bibi pia?"

"Pia."

Akavuta pumzi. Akanisimulia kwamba asubuhi, wakati wa kuingia, palikuwa na watu langoni wameshika mabango wakitaka mbio zile zipigwe marufuku. Mwanamke mmoja alimwinamia dirishani akamwita muuaji. "Nilikasirika, we mpwa wangu. Nilitaka kushuka. Huyo mama analala kitandani kwake, mimi nimelala na yule mnyama kwenye majani usiku mzima namkanda tumbo. Nani anampenda zaidi? Sasa hivi tumetoka kwa lango lile lile. Wamekwisha kuondoka. Nilikuwa namtafuta."

"Ili umwambie nini?"

"Sijui."

Alisema wenzake kazini wamemfariji. Wanasema farasi wale wamezaliwa kwa mbio, bila mbio hata wasingezalishwa, na farasi anapenda kukimbia. "Na kweli anapenda. Nimemwona peke yake uwanjani, hakuna mtu mgongoni, anakimbia kwa furaha tu. Lakini ukuta sijamwona akiuruka peke yake. Akiukuta anauzunguka."

Kisha akaniuliza lile nililokuwa naliogopa. "Niache kazi? Waulize nyumbani."

Niliwauliza. Tulibishana siku kadhaa, kwa vipande, wakati wa kula na wakati wa kuchota maji. Mama alisema aache, kazi ya kumnenepesha mnyama ili akavunjwe shingo haina baraka. Mume wangu, pamoja na maneno yake yote ya kisu, alisema asiache: akiondoka yeye, farasi waliobaki watashikwa na nani, na mtu asiyewapenda? Mwalimu wa chuo, jirani yetu, alipita akashirikishwa, akasema kushindanisha farasi si haramu, ila mnyama aliyebebeshwa asichokiweza atamshtaki mtu siku ya hukumu. Mama akamuuliza nani ajuaye farasi anaweza nini na hawezi nini. Mwalimu akasema hilo waulizwe wanaowalisha. Yaani tukarudi kwa mjomba.

Mimi kila nilipofungua mdomo nilisikia sauti yangu ya Jumamosi. Ningemwambia aache, ningekuwa nani? Ningemwambia abaki, ingekuwa kwa faida ya nani? Nikamtumia ujumbe wa sauti kwamba nyumbani wamegawanyika, afanye moyo wake unavyomwambia. Ni ujumbe wa mtu anayenawa mikono, na nilijua hivyo nikiwa naurekodi.

Wiki hiyo hiyo nilitoka shikoleni nikawakuta watoto wa mtaa uani kwetu. Walikuwa wamepanga magogo na kinu kilicholazwa, wanaruka kwa zamu, mmoja amembeba mwenzake mgongoni. Aliyebebwa alikuwa na kijiti. Wengine wakiimba, "Mchape! Mchape huyo!" Waliiga hata namna nilivyovuta silabi ya mwisho. Kumbe Jumamosi walikuwa dirishani.

Msichana mmoja, mwanafunzi wangu, alifika kwenye kinu akajiangusha kwa makusudi, akalala kimya mchangani. Wenzake wawili wakakimbia na kanga, wakaishika ncha mbili, wakamzungushia. Wengine wakaendelea na mbio.

Nilikuwa na wajibu wa kusema kitu. Nimesomea kusema na watoto. Nilibaki nimesimama na mfuko wa madaftari mkononi mpaka msichana alipochungulia juu ya kanga, akaniona, akasema, "Shikamoo mwalimu. Nimekufa." Wote wakacheka. Nikaitikia marahaba, nikawaambia kinu cha watu kisikanyagwe, nikaingia ndani. Nililia jikoni, kidogo, bila kujua namlilia nani, na nikaona aibu pia kwa kilio chenyewe. Wapo watu tuliowaacha njiani wakati wa vita ambao bado sijawalilia hivyo.

Mjomba hakuacha mara moja. Alimaliza msimu, halafu akahamia shamba wanakopelekwa farasi waliostaafu mbio. Mshahara umepungua na mvua ni ile ile, alisema. Farasi wale ni wazee, wana makovu, wengine hawataki kushikwa masikio. Anawatoa asubuhi wanakula majani, anawarudisha jioni. Bibi husikiliza habari zao, lakini video hataki tena. Nikimpa simu anasema macho yamechoka.

Mwaka uliofuata mbio zilirudi. Nyumbani hakuna aliyezitaja. Mume wangu aliwasha televisheni kwenye mpira, akaizima. Nami nikasema nakwenda shikoleni kupanga vitabu.

Nilikwenda kweli shikoleni, nikajifungia stoo, nikazitazama kwenye simu, sauti nimeizima. Sikumjua farasi hata mmoja. Nilijiambia natazama ili nihesabu makosa yao, nipate la kumwambia mjomba. Uongo mtupu. Kiunzi cha kwanza tu, walipoondoka ardhini wote kwa pamoja, moyo ukaruka vile vile. Sikupiga kelele. Nilijiziba mdomo kwa ushungi. Siku ile hakuna farasi aliyefia uwanjani, nikasema alhamdulillahi kwa sauti, peke yangu, katikati ya maboksi ya chaki. Furaha niliyoipata iliniaibisha kuliko huzuni ya mwaka ule.

Jioni mjomba akapiga. Tuliongea habari za Bibi, habari za mvua. Halafu akauliza polepole, "Ulitazama?"

Nilifikiria kukataa. "Nilitazama," nikasema.

Nikasikia anafunga komeo la banda.

"Na mimi," akasema. "Yule aliyeshinda namjua. Nilimlisha akiwa mdogo. Alikuwa anapenda karoti, lakini mpaka uzikate kwa urefu."

Akaanza kunieleza farasi yule anavyotembea, anavyolala, anavyochagua mtu wa kumkubali. Nilimsikiliza mpaka Mama akaniita mezani, nami nikamwambia Mama asubiri kidogo.