Sihaba Hakula kwa Shangazi

Sihaba anauza korosho Bungu, kando ya barabara, na ukimwomba apunguze bei atakutania mpaka uone aibu ununue hivyohivyo. Lakini uchaguzi wa diwani ulipofika aliitwa Kibiti, akala kiapo, akarudisha kadi ya chama aliyoishika tangu usichana, akapangwa kusimamia kituo cha Kiongoroni. Tume haina upande, waliambiwa, na huko vijijini Tume ni nyinyi. Maneno hayo Sihaba aliyabeba kwa uzito wake wote.

Tabu ni kwamba Kiongoroni ndiko alikokulia. Mama yake alipofariki, alilelewa na shangazi yake, Mwantumu, na safari hii Mwantumu alikuwa mpishi mkuu wa kampeni za mgombea mmoja, Badru. Boti iliyomleta Sihaba kutoka Nyamisati ilipofika, shangazi alikuwa keshasimama ufukweni anangoja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Twende nyumbani, nimekupikia wali na kamba wa nazi."

"Sitakula, shangazi. Nimekuja na mkate wangu."

Mwantumu akamtazama juu mpaka chini. "Kwangu leo pamekuwa pachafu?" Akageuka, akaenda zake bila kuaga.

Iliuma. Sihaba alilala kwenye darasa la kupigia kura, na usingizi ulimpata kwa shida.

Asubuhi Idrisa, wakala wa mpinzani wa Badru, alianza mapema. "Huyu si mtoto wa Mwantumu? Basi tumekwisha." Akamkazia macho kutwa nzima. Mchana sinia la Mwantumu lilipita nje kwenda kwa watu wa Badru, na harufu ya nazi ikajaa darasani. Sihaba akatafuna mkate wake mkavu, akashushia maji, akaendelea na kazi.

Kura zikahesabiwa mbele ya mawakala wote. Badru akashinda, tena kwa chupuchupu. Vijana nje wakapandisha kelele: tumeibiwa, msimamizi ni mtu wao!

Idrisa akatoka mlangoni. "Nyamazeni! Huyu mama tangu asubuhi hajaonja hata chai ya kwao. Nimemlinda kwa macho yangu. Tumeshindwa, basi." Akarudi ndani, akatia saini.

Mwantumu alikuwa katikati ya umati, akasikia kila neno.

Sihaba alibandika matokeo, akakabidhi masanduku, akavua kitambulisho cha Tume. Kisha akaenda moja kwa moja mpaka uani kwa shangazi yake.

"Nina njaa, shangazi. Sasa nipe."

"Wali umepoa."

"Nipe hivyohivyo."

Mwantumu akapakua, akarundika, akaongeza tena. Akaketi mkekani kumtazama akila, machozi yakimlengalenga.

"Uchaguzi ujao," akasema, "wala usihangaike kunikatalia. Nitakufukuza mwenyewe palepale ufukweni, tena kwa sauti, Idrisa asikie."