Jogoo wa Mama Mkwe

Cornelius Edimu alikuja Tororo, mashariki mwa Uganda, kukata nyasi za uwanja wa gofu, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, na haikuchukua muda gofu ikamteka mzima mzima. Jioni wakubwa wakishaingia baa, yeye alibaki akipiga mipira ya kuokota kwa fimbo kuukuu iliyofungwa waya. Mkewe Goretti aliamini amerogwa. Tusimlaumu, maana mumewe alikuwa akiisemesha ile mipira.

Aliyemshika mkono ni Walter, fundi mitambo Mmarekani mwenye kicheko cha kuezua paa. Kwao Walter aliwahi kuwa bingwa wa ridhaa, akaingia kwenye gofu ya kulipwa, mpaka mgongo ulipomkatalia. Alimfundisha Edimu kwa raha zote. Kufikia 1966 Edimu alikuwa mwanachama wa klabu, na akishinda kikombe mwaka huo angepanda ndege kwenda Nairobi na timu ya ridhaa. Ndege! Hata usingizi ulimruka.

"Lakini sikia," Walter alimwonya. "Mchezaji wa ridhaa hapokei kitu. Ukitunzwa hata kipande cha sabuni, wewe ni wa kulipwa. Timu basi."

Siku ya fainali, lilibaki shimo la mwisho, bado liko mbali, na Edimu alihitaji kulimaliza kwa mapigo mawili tu ashinde. Akainua macho kuitazama bendera ya shimo, akanywea. Mama mkwe! Alikuwa ametoka kijiji cha jirani cha Molo kwa miguu, na kwa kuwa mashindano aliyoyajua ni ya mbio, alisimama pale pale penye mwisho ampokee mshindi, jogoo mwekundu kwapani. Heshima hakuisahau: aligeuza mgongo na kujifunika kitenge. Lakini kwao Wateso mkwe hamsogelei mama mkwe, awe amegeuka au hajageuka.

"Bwana, mimi siwezi enda pale," Edimu alimnong'oneza Walter aliyekuwa kando yake. "Mama ya bibi yangu nasimama kwa shimo."

Walter akaenda mwenyewe kumwomba asogee. Alirudi akifuta machozi ya kicheko. "Amesema hatoki mpaka ushinde."

Haya! Miguu haina ruhusa, basi mpira uende peke yake. Edimu akapiga. Mpira ukapaa, ukadunda, ukapita karibu na pindo la kitenge, ukatumbukia shimoni. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele, jogoo akawika, na Edimu akacheza ngoma huko huko mbali.

Goretti, aliyekuwa kati ya watazamaji, akamletea jogoo. "Mama amesema ni ya kwako. Umeshinda."

Wakubwa wa klabu wakakodoa macho. Edimu aliiwaza ndege, na ilimuuma, ilimuuma kweli. Kisha akautazama ule mgongo uliokuwa ukingoja bila kugeuka. Akapiga magoti, akapokea kwa mikono miwili.

"Asante, mama!" alipaza sauti.

Mama mkwe, bila kugeuka, aliinua mikono juu akaanza kucheza.

"Mimi niliacha ridhaa kwa hundi," Walter alisema akicheka. "Haikuwika hata siku moja."

Timu ilikwenda Nairobi bila Edimu. Klabu nayo, ambayo haikuwa na mwalimu wa kulipwa, ikamwajiri yeye. Alifundisha wengi miaka iliyofuata, na kila aliyelegeza pigo la mbali aliambiwa jambo moja:

"Piga kama mama mkwe nasimama pale."