Shahidi wa Bastola ya Baba

Juzi fundi wa cherehani alikuja hapa kwangu Mkuza, Kibaha, maana cherehani yangu ilikuwa inaruka mishono. Akatandika gazeti barazani, akaifungua, akawa anapanga vyuma kimoja kimoja huku anavipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Mimi nilikuwa natoka ndani na kikombe chake cha chai. Harufu ya yale mafuta iliponifikia, nikakaa pale pale kizingitini, kikombe mkononi.

“Vipi mama, presha?” akaniuliza.

Nikamwambia ni jua. Halikuwa jua, na ndiyo sababu leo nimefungua daftari hili. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo wewe unayesoma univumilie kama rafiki anavyomvumilia rafiki yake. Mahali ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika. Sitaki kumwonea mtu, hata mimi mwenyewe, ingawa hapo kwangu mwenyewe ndipo panaponishinda.

Nilikulia Kisarawe, upande wa Msimbu, kwenye nyumba ya udongo yenye jiko la nje. Tulikuwa watatu: baba, bibi mzaa baba, na mimi. Mama alifariki nikiwa sijajua kutembea. Baba aliwahi kuwa askari, na alipotoka jeshini akawa anakusanya mafenesi, mananasi na korosho kwa wakulima, anapeleka mjini. Aliwahi kuvamiwa njiani, huko Mzenga, akapigwa mpaka jicho moja likawa halioni vizuri. Baada ya hapo akaomba kibali, akahangaika nacho muda mrefu, mwisho akapata kununua bastola. Ilikuwa kuukuu, lakini ilikuwa imepita mikononi mwa fundi mmoja aliyeibana mpaka chuma cha juu na cha chini vikawa vimeshikana kama mlango mpya na fremu yake. Hata unywele usingepita katikati. Baba alikuwa anajivunia kubana kule kuliko alivyojivunia bastola yenyewe.

Mara moja kwa mwezi, Ijumaa baada ya sala, aliisafisha. Alitandika mkeka wa bibi chini ya upenu, juu yake akaweka kipande cheupe cha kanzu iliyochakaa. Mimi nilikaa kushoto kwake. Bibi alikaa mbele ya nyumba na ukili wake, anasuka, tunasikia tu ule mchakacho wa majani ya mkindu. Wakati ule jiko lilikuwa halina mtu, na baba alikuwa akielekeza mdomo wa bastola upande wa ukuta wa jiko siku zote. Mbele kulikuwa na njia ya watu, nyuma kulikuwa na watoto wa jirani. Nikifikiria leo, bado sioni mahali pengine ambapo angeielekeza. Nasema hivyo kwa haki yake.

Kwanza alichomoa magazini yenye risasi akanipa niishike mapajani. Halafu akavuta chuma cha juu nyuma, na kwa vile kilibana, mishipa ya shingo ilimtoka. Chemba, pale risasi inapokaa, ikawa wazi. Akachungulia yeye, akainamishia upande wangu ipate mwanga, akauliza, “Shahidi?”

Mimi nachungulia, naona kitundu cheusi, nasema, “Tupu.”

Hapo tu ndipo alipoendelea. Alisema jeshini macho mawili hayatoshi, na yake yeye ni jicho moja na nusu. Basi shahidi nilikuwa mimi, wa miaka tisa, na nilijiona mtu mkubwa. Shuleni hakuna aliyekuwa ananiuliza kitu na kungoja jibu langu. Pale mkekani baba wa watu alisubiri mpaka niseme.

Akishafungua, vyuma vililala juu ya kitambaa kutoka kushoto kwenda kulia, kwa jinsi vilivyotoka: springi, mtutu, pini, na vingine ambavyo majina yake nimesahau. Kila kimoja alikisugua, akakipaka mafuta kidogo sana, kwa ncha ya unyoya wa kuku. Kurudisha ndiko kulikokuwa na kazi. Chuma cha juu kilitakiwa kiingie kwenye reli zake kikiwa kimenyooka kabisa. Kikipinda kidogo tu, kinakataa. Punje ya mchanga, kinakataa. Na baba hakuwahi kukigonga. Alikuwa anakitoa, anakipangusa, anaanza upya, hata mara tano, huku ananong’ona kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Kikiingia, alikivuta mbele na nyuma kusikiliza kama kinakwaruza, akaniuliza tena, “Shahidi?”, nikasema tena, “Tupu”, ndipo akafyatua triga mara moja kuelekea ukutani, isikike ile *tak* kavu. Ile *tak* ndiyo ilikuwa mwisho wa kazi. Bibi akiisikia huko mbele anaita, “Haya, mmemaliza? Njooni mle.”

Sasa nije kwenye ile Ijumaa.

Baba alikuwa ameshairudisha yote, lakini ilikuwa inakwaruza. Kabla hajaifungua tena, tukasikia hodi. Alikuwa jirani yetu, mama mmoja mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, amebeba nusu fenesi kwenye sahani. Baba hakupenda risasi zionekane mbele ya wageni. Akachukua magazini mapajani mwangu, akaichomeka kwenye bastola, akafunika yote kwa kile kitambaa.

“Shemeji,” jirani akasema, ananusa mafuta, “hicho chuma chako kinaoga kuliko wewe.”

“Chenyewe hakinung’uniki maji ya baridi,” baba akajibu.

“Ungekipa basi na kitenge, tujue moja kuwa umeoa!”

Bibi alicheka mpaka akaweka ukili chini. Jirani akakaa kidogo, akaacha fenesi, akaenda zake. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi bila kitu ndani yake. Bibi alikuwa na kisamvu cha asubuhi, akaona kinahitaji nazi. Akainuka kimya, akaenda jikoni, akakaa kwenye mbuzi. Hakuaga. Nani anaaga kwenda jikoni kwake?

Mimi nilishavamia fenesi. Utomvu ukaninasa vidole vyote, na utomvu wa fenesi hautoki kwa maji, unatoka kwa mafuta. Nikachukua kile kitambaa cha baba chenye mafuta nikawa nafikicha kidole kimoja kimoja.

Baba akarudi kwenye kazi yake. Akashika bastola, akavuta chuma cha juu kwa nguvu, akakiachia kirudi. Hakikukwaruza. Nadhani alifurahi, maana aliguna ule mguno wake. Ndipo akakumbuka magazini, akaichomoa, akaniwekea mapajani. Ukubwani nilikuja kuelewa kwamba pale alipovuta magazini ikiwa ndani, risasi moja ilishapanda kwenye chemba, na kuchomoa magazini hakukuiondoa. Akavuta tena kidogo, akainamishia upande wangu.

“Shahidi?”

“Tupu,” nikasema.

Naikumbuka sauti yangu. Nakumbuka na kidole gumba, kilikuwa bado kina utomvu pembeni ya ukucha. Kitundu sikikumbuki. Shaba ya risasi inang’aa, ningeiona. Kama baba mwenyewe alichungulia kabla yangu, sijui. Huenda alichungulia kwa lile jicho bovu. Huenda alilitegemea la kwangu.

Haikuwa *tak*.

Masikio yalijaa mlio, vumbi likatoka ukutani, na ndani ya lile vumbi nikaona tundu dogo ambalo halikuwepo. Baba alishakimbia. Nilimfuata. Bibi alikuwa ameketi vile vile kwenye mbuzi, nazi imebiringika mpaka mafigani, anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Hakupiga kelele. Alisema tu, “Mtoeni mtoto hapa.”

Jirani ndiye aliyekuja mbio, akavua khanga yake moja, akamfunga bibi mkono, akatafuta gari. Baba alimfikisha mama yake hospitali, halafu akaenda mwenyewe kituoni, akaiweka bastola mezani. Walimweka ndani siku kadhaa. Katika maelezo yake alisema alikuwa peke yake mkekani. Haikuwa kweli, ila ndivyo ilivyoandikwa. Kibali kilifutwa, bastola haikurudi, wala hakuiulizia.

Bibi alipona, lakini vidole vitatu vilikakamaa. Hakusuka tena. Mkeka aliokuwa ameuanza ulibaki umeviringishwa juu ya dari mpaka mchwa walipoumaliza. Alijifunza kula kwa kushoto, jambo lililomwaibisha mbele za watu, akaacha kwenda kwenye shughuli. Kwangu hakubadilika hata kidogo. Baba naye hakunigombeza hata siku moja. Ila hakuniita tena shahidi. Alianza kuniita kwa jina langu, kwa upole, na nilikuwa nikiusikia ule upole kama mtu anavyosikia mlango unafungwa.

Basi juzi, fundi alipoondoka, sikulala vizuri, na kulipokucha nikapanda gari mpaka Kisarawe, nikachukua pikipiki mpaka Msimbu. Bibi amekwisha fariki miaka mingi. Baba anaishi na mke aliyekuja kumwoa uzeeni, kwenye nyumba ya matofali ya saruji waliyojenga mbele zaidi. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, redio ndogo sikioni.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Huko Kibaha wamekufukuza?”

Nikacheka, nikakaa chini. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, yote yakapotea. Nikauliza moja kwa moja, “Baba, siku ile ya bibi, mimi nilitazama?”

Akazima redio.

“Ulitazama,” akasema.

“Baba, mimi sikutazama. Nilikuwa nafikicha vidole.”

Ndiyo mara ya kwanza nililisema kwa mdomo. Nilidhani ningesikia nafuu. Baba akanitazama kwa lile jicho zima.

“Ulitazama. Mama yangu aliniambia pale pale kitandani hospitali, hata kabla sijamwomba msamaha. Akasema, mtoto alitazama, na asije mtu akamwambia vingine. Wewe ni nani umbishie bibi yako?”

Mama mdogo, yule mke wake, alileta uji, tukanywa, tukazungumza habari za mvua. Baadaye nikazunguka nyuma mwenyewe, kule kwenye nyumba ya zamani. Hakuna kitu. Mvua zimeurudisha udongo ule kuwa udongo, na juu yake mtu amepanda mihogo, imestawi sana. Mfenesi wa jirani umekatwa. Nilitafuta upenu ulikuwa wapi na jiko lilikuwa wapi, nikahesabu hatua kwa miguu yangu ya leo, ambayo si ile ya miaka tisa, kwa hiyo sina uhakika. Nilisimama mahali ninapodhani palikuwa na mkeka, nikaangalia mahali ninapodhani palikuwa na mbuzi ya nazi.

Siku ile katikati palikuwa na ukuta. Bibi alikuwa upande wa pili, ameinamia nazi. Hakuniona.