Moto wa Nyumba ya Kiganjo

Kama kuna mtu aliyeijua nyumba ile ya mawe pale Kiganjo, ni Wachuka. Mumewe Moffat aliinunua kwa mzungu aliyerudi kwao baada ya uhuru, ikiwa imebonyea paa na popo wamejaa darini. Mwaka mzima Wachuka alitoka kwenye nyumba yao ya udongo ng'ambo ya mto akaja kuitengeneza. Alisugua mawe yakarudi rangi. Alipiga msasa sakafu ya mbao mpaka magoti yakaota sugu. Mafundi walipotaka kuziba meko ya sebuleni aliwagombeza, wakayaacha. Kwa nafsi yake aliomba kitu kimoja tu, bomba ndani ya jikoni, maana mgongo ulikuwa umechoka kubeba maji.

"Utapata, Mama Mutahi," Moffat alisema, na kweli bomba likawekwa.

Siku ya kuhamia, Moffat alitangulia. Alimwachia neno kwamba alete moto wa jikoni kwake, kwani jiko la nyumba mpya haliwashwi kwa kiberiti. Mama wa watu alifurahi, we! Alijaza makaa kwenye chungu, na yaliyobaki akayamwagia maji. Angemwachia nani?

Barazani alimkuta msichana ameketi, viatu vya visigino, mkono juu ya tumbo lililokwisha kutokeza.

"Huyu ni Monicah," Moffat alisema, akitazama ng'ombe. "Nimemuoa. Atakaa hapa. Wewe umezoea kule, na hii nyumba iko na mambo ya kisasa."

"Na moto umeniitishia nini, Baba Mutahi?"

"Ni desturi tu. Moto wa mke mkubwa ndio uko na baraka."

Shukrani ya punda ni mateke, walisema wakubwa, nao hawakumjua Moffat. Wachuka aliumia hata chozi likakataa kutoka. Alipita katikati yao, akaingia jikoni, akaweka chungu chini ya bomba na kulifungulia mpaka makaa yote yakafa. Kisha akalifunga kwa nguvu, maana alijua huwa linavuja.

Jioni alisimama mlangoni kwa jirani yake Gathoni, ameshika kigae.

"Nigawie moto, mama."

"Kwani wako uko wapi?"

"Nimeuzima mwenyewe," Wachuka alisema. "Nilidhani nahama."