Mpandaji wa Nyangamara

Mnasema babu yenu hakuwa na maneno. Si kweli hata kidogo. Maneno alikuwa nayo tele, ila aliacha kunipa mimi, na sababu naijua. Nitawaambia leo kwa kuwa mwanangu Tomaso ameuliza tena, nami nimechoka kumjibu kwamba baba yake ndivyo alivyoumbwa. Hakuumbwa hivyo. Na msinikatize, mimi nikikatizwa nanyamaza, mnanijua.

Evaristo alikuwa saisi. Saisi ni mtu wa kutunza farasi. Anamlisha, anamsugua, anamkagua kwato, anamfunga tandiko, na alfajiri anampanda na kumzungusha ili bwana mwenyewe akija amkute mnyama yuko tayari. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na mmoja kwenye shamba la mkonge karibu na Lindi, kwa Mzungu mmoja ambaye watu walimwita Bwana Makofia, maana kila siku ilikuwa na kofia yake. Farasi huku kwetu hawaishi, mbung'o wanawamaliza. Wale wa shamba waliletwa kwa meli, wakafungiwa ndani ya banda lenye wavu kama bibi harusi, na bado kila masika mmoja au wawili walianza kukonda, machozi yanawatoka, mpaka wanaanguka. Babu yenu alikuwa akiwalilia. Mwanamume mzima, ana ndevu zake, analilia farasi wa mtu.

Kila mwaka mara moja Wazungu wa mashamba ya mkonge walikutana pale Lindi kushindana. Walikuja na mahema, na meza, na wake zao, na mbwa. Siku hiyo waliokaa juu ya tandiko ni wao tu. Lakini masaisi nao walikuwa na mashindano yao ndani ya yale mashindano. Walijuana nani kamlea farasi gani, nani kamtuliza yule aliyekuwa mkorofi, na farasi akishinda, saisi wake ndiye aliyepewa mkono na wenzake kule nyuma ya banda. Rafiki yake mkubwa Evaristo alikuwa Kudra, mtu wa Rasbura pale Lindi, saisi kama yeye. Krismasi moja alipokuja likizo, babu yenu aliniambia kitu anachokitaka duniani. Hakutaka nyumba ya bati wala baiskeli. Alitaka siku moja apande farasi mbele ya watu, mashindano yenyewe, siyo alfajiri peke yake. Nilicheka. Nilikuwa bado nacheka wakati huo.

Mwaka 1958 tulikuwa na mtoto mmoja, Martina, ana miaka mitatu. Akashikwa na surua. Alikufa Jumanne, tukamzika Jumatano. Habari zilimfikia baba yake Alhamisi asubuhi. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Evaristo alikuja Jumatatu.

Aliniambia bwana alimnyima ruhusa. Nikamwuliza kama aliomba. Akainamisha kichwa.

Sikulia wala sikugombana naye, na mimi kugombana sikuwa mvivu, waulizeni wazee wa hapa. Niliwasha moto nikampikia. Toka siku ile nilikuwa na ganzi. Mnajua mguu ukiukalia vibaya, unaugusa unaona ni mguu wako lakini hausikii? Ndivyo nilivyokuwa mwili mzima. Nililima, nilikula, nilikwenda kanisani, watu wakasema Romana amejikaza. Sikujikaza. Hakukuwa na cha kujikaza nacho.

Mwaka wa Uhuru shamba likapunguza watu, na Evaristo akarudi hapa Nyangamara moja kwa moja. Kulima hakujua. Mistari yake ilikwenda kombo, mbegu anazizika kama anaficha pesa. Jirani yetu Klementi, mume wa Veronika, alikuja kusimama mpakani amtazame. Klementi alikuwa mpandaji, nasema mpandaji hasa. Korosho zake hazikuwahi kukataa kuota, na mtama wake ulisimama kwa mistari utadhani askari. Akamwambia Evaristo kwamba farasi wamemharibu, sasa anapanda mtama kama anayewamwagia kuku. Nilidhani atakasirika. Akacheka, akampa Klementi jembe, akamwambia haya, nionyeshe. Wakawa marafiki. Mwaka mzima walikuwa pamoja, wakitaniana toka jua linachomoza. Mimi sikufurahi, nisiwadanganye, furaha ilikuwa imeshaniaga. Lakini nilimsikia mume wangu anakohoa uani kwake kila asubuhi, nikaona hiyo inanitosha. Nikaapa haendi tena popote.

Ndipo mwezi wa kumi na moja, 1962, Kudra akapita. Alikuwa juu ya lori lililokuja kuchukua korosho, na lori halikusimama kwa muda mrefu. Evaristo yuko shamba. Kudra akanikuta natoka kisimani, akashuka, hata ndoo hakuningojea niitue. Akanieleza kwa haraka. Siku ya Jamhuri kutakuwa na mashindano ya farasi pale Lindi, na safari hii Waafrika watapanda. Uhuru umekuja, wakubwa wamesema kila upande wa mkoa ulete mtu wake, na Wazungu watawaazima farasi. Yeye Kudra amekwisha kulitaja jina la Nyangamara. Simu itakuja. "Mwambie ajiandae, shemeji," akasema. "Sultani bado mzima, nimemtunzia." Sultani ni farasi ambaye Evaristo alimlea tangu anashuka melini.

Nikasema nitamwambia.

Nilifika nyumbani na ndoo kichwani. Evaristo akarudi kutoka shamba, akanawa, nikampa chakula, na sikusema kitu. Kesho yake pia. Sikuwa na hasira. Mngeniuliza siku hizo ningesema nimesahau, na nisingekuwa nimesahau. Nilikuwa namwona akishuka Jumatatu, basi, picha ile tu. Anashuka kwenye lori Jumatatu na mtoto yuko ardhini toka Jumatano.

Wiki ya pili simu ikaja. Zamani simu ya maandishi ilihesabiwa neno kwa neno, kwa hiyo watu wa ofisi walibana maneno mpaka yakakauka. Ilikwenda kwa Hasani, mwenyekiti wa chama hapa kijijini, naye herufi zilikuwa zinampiga chenga. Mimi nilisoma kwa masista miaka minne, kwa hiyo akaja nayo kwetu, watu nyuma yake, nikaisoma kwa sauti: "Mashindano ya kupanda Lindi siku ya Jamhuri leteni mtu mmoja hodari."

Basi. Hayo tu. Wala jina la mtu, wala farasi.

Kijiji hakikuwa na shaka. Mvua zilikuwa zinakaribia, serikali mpya kila siku inahimiza korosho, Uhuru na Kazi, watu wapande, watu wapande. Wangesikia nini kingine? Hasani akasema serikali ya wananchi inajua kuheshimu jembe, na kila mtu akamgeukia Klementi. Klementi mwenyewe akajifanya anakataa, huku meno yote yako nje.

Evaristo peke yake hakumgeukia. Watu walipokuwa wakimpongeza Klementi, akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Kupanda nini, mama Martina?"

Alikuwa akiniita hivyo bado, mtoto ana miaka minne kaburini. Ile karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusema sijui, nayo ingekuwa uongo mdogo zaidi.

"Mikorosho," nikasema. "Kwani hapa kuna farasi?"

Akaitikia kwa kichwa. Jioni ile alimsaidia Klementi kuchagua mbegu. Walizimwaga zote kwenye maji, zilizoelea wakazitupa, zilizozama wakazitia mfukoni. Klementi aliondoka na Hasani, jembe lake begani limenolewa likang'aa, shati la Jumapili, mbegu kwenye mfuko. Shamba lake aliliacha halijapandwa, akasema atarudi kabla mvua haijashika. Veronika alipiga vigelegele. Mimi nilisimama naye, nikapiga pia.

Walikaa siku tano. Siku ya tano mvua imeanza, lori likasimama, wakashuka Hasani na Kudra. Klementi hayumo.

Hasani alisimulia pale pale, watu wamesimama kwenye tope. Walifika uwanjani na jembe lao, wakaonyeshwa farasi. Watu wa Lindi walicheka mpaka wakakaa chini. Kudra alikuja mbio akimtafuta Evaristo, akamkuta Klementi. Akamwambia akae pembeni, hakuna aibu, ni simu imekosea. Lakini wale wakubwa walikuwa wanaita majina, wakaita Nyangamara, na Klementi akasema kijiji kimemtuma kupanda na atapanda, harudi kuwaambia watu alitazama wengine. Alikuwa mtu wa sifa, Mungu amrehemu. Wakampandisha juu ya Sultani. Mzunguko wa kwanza alikaa, ameshika manyoya ya shingo, watu wakampigia makofi. Mzunguko wa pili, kwenye kona, akavuta hatamu ya upande mmoja, akaanguka, na farasi aliyekuwa nyuma akampita juu ya nyonga. Sasa yuko hospitali. Atapona, lakini daktari amesema kutembea itakuwa kwa gongo, na kuinama hakuna tena.

Veronika alikaa kwenye tope akajishika kichwa. Evaristo alikuwa akimtazama Kudra. Akamwuliza kwa nini hakumletea habari mapema, yeye rafiki yake. Kudra akashangaa. Akageuka akanitafuta kati ya wanawake.

"Shemeji, kwani ujumbe wangu hukumfikishia?"

Mvua ilikuwa inapiga bati la duka la ushirika. Ningeweza kumkana. Ningeweza kusema sikumwelewa, lori lilikuwa linanguruma.

"Sikumfikishia," nikasema.

Evaristo alinitazama mara moja. Hakupandisha sauti, hakunipiga, hakuniuliza kwa nini. Nilingoja aniulize, nilikuwa na jibu, nilikuwa nalo miaka minne. Akamgeukia Veronika akamwuliza kama Klementi alikuwa amepanda hata kipande kimoja. Veronika akasema hapana. Babu yenu akaingia ndani, akachukua jembe, akaenda shamba la Klementi na nguo zile zile. Shamba letu lilikuwa bado pia. Nililipanda mimi.

Tangu hapo ndivyo tulivyoishi. Hakuniacha. Alilala nyumbani, alikula chakula changu, alinijibu nikimsalimu, na Tomaso akazaliwa ndani ya hali hiyo hiyo, kwa hiyo msidhani tulikuwa maadui. Ila maneno yalikwisha. Mama Martina akaacha kuniita. Barua zake akawa anampelekea Leonadi, mwalimu wa shule, amsomee. Na mimi, sijui niseme nini. Watu wanataka niseme niliumia. Niliona tu kwamba ameacha, kama unavyoona chumvi imekwisha.

Kila mvua alianza kwa Klementi. Alimpandia mtama, mihogo, mbaazi, huku Klementi kakaa kwenye kigoda mpakani, gongo magotini, akimtukana kwa mistari iliyopinda. Mle ndimo alimokuwa anaongea, na kucheka. Nilikuwa nawasikia kutoka jikoni. Ujamaa ulipokuja, tukasogezwa tukajenga kwa safu, tukagawiwa mistari ya shamba la pamoja, na asiyefanya kazi haandikwi. Evaristo alipalilia mstari wake, kisha akarudi mwanzo akapalilia wa Klementi, na kila mara alimwambia mwandishi waziwazi kwamba huu wa pili ni wa Klementi, aandike Klementi. Hakuna aliyethubutu kumbishia.

Sasa mwaka 1969. Shamba la mkonge lilikuwa limekwisha kutaifishwa, Bwana Makofia anafunga mizigo. Farasi waliobaki walikuwa wanapelekwa Arusha, kwenye baridi, ambako hakuna mbung'o na mashindano hufanywa kila mwaka. Alitakiwa saisi wa kusafiri nao kwa meli, kisha kwa treni, na kukaa nao huko, na Kudra akasema mtu ni mmoja tu. Barua ikaja. Mimi sikuijua. Niliambiwa na mke wa mwalimu Leonadi baada ya siku kumi, tukitwanga, akidhani najua. Akasema barua ilieleza wazi kwamba huko masaisi wanapanda nao, mbele ya watu. Na mzee amekwisha kujibu kwamba haendi.

Niliacha kutwanga. Kitu kilinishika hapa kifuani, mara ya kwanza miaka kumi na moja. Miaka saba nilikuwa nikijiambia kwamba hata kama hasemi nami, amebaki. Amebaki kwangu na kwa kaburi la mtoto. Basi nikaona na mimi nimpe kitu. Jioni nilipomwekea chakula sikuondoka, nilikaa mbele yake.

"Nenda Arusha," nikasema. "Mimi ndiye nakwambia. Mimi na Tomaso tutakaa."

Alinitazama, na usoni hakuwa na ubaya wowote. Nadhani alishangaa kwamba nimejihesabu.

"Na Klementi," akasema, "nani atampandia?"

Akanawa mikono, akaanza kula.