Mistari ya Pembeni

Ukitaka kumkasirisha Bi Mizani, gusa mistari ya pembeni. Kwenye shamba la majaribio ya mahindi, alikofanya kazi ya upimaji miaka kumi na tisa, kila kitalu kina mistari sita, na ile miwili ya pembeni haipimwi ng'o. Mahindi ya pembeni hupata jua na nafasi ya ziada, yananenepa, na ukiyatia kwenye mizani yanakudanganya. Hana mzaha na hilo. Kibarua mmoja alichanganya mahindi mawili tu, akarudishwa kurudia kitalu kizima huku mvua inamnyeshea.

Msimu ule zilishindanishwa mbegu tatu. Ya kwanza chotara, iliyotokana na kupandisha mahindi ya aina mbili. Ya pili ilipatikana kwa kuzipiga mbegu mionzi ili zigeuke. Ya tatu ilitokana na kuchagua tu, mwaka hadi mwaka, mahindi bora ya mbegu za wakulima, zikiwamo za marehemu mama yake Bi Mizani. Itakayoshinda inagawiwa wakulima. Zilizobaki zinapigwa chini na hazirudi tena shambani. Ile ya mionzi ilikuwa ya daktari wa mbegu, mkuu wa kituo, ambaye mbele za watu aliiita "binti yangu". Mtu mzima na mvi zake!

Mdogo wake Bi Mizani, anayelima shamba la familia na kutunza mbegu za mama kwenye debe, hakuwahi kupanda kitu kipya bila kuuliza, "Dada, mizani inasemaje?"

Mwaka huo mizani ilisema wazi. Mbegu ya kuchagua iliongoza, chotara ikaifuata kwa karibu, na binti wa daktari, aliyelazwa chini na upepo wa kwanza tu, akavuta mkia. Bi Mizani aliandika yote kwa penseli, maana wino hauhimili umande.

Jumatatu akafungua daftari, akakuta binti kapanda hadi juu. Tarakimu zilikuwa zimefutwa na kuandikwa upya, na vumbi la ufutio lilikuwa bado kwenye mkunjo wa ukurasa. Hata kulipuliza hawakuona haja. Akaenda shambani. Vitalu vyote vilikuwa na mistari ya pembeni imesimama, isipokuwa vinne vya binti. Hivyo vilikuwa vyeupe, ukingo hadi ukingo. Akalikumbatia daftari, akageuka kurudi kituoni.

Alimkuta daktari ofisini anatafuna karanga.

"Daktari, mmevuna mistari ya pembeni."

"Mama, ardhi ni ile ile, mahindi ni yale yale."

"Mbona ya wenzake mmeiacha?"

Daktari akalamba kidole chenye maganda ya karanga, akalivuta daftari, akafunua ukurasa ambao Bi Mizani huunawia mikono kabla ya kuushika. "Wewe pima, hesabu tuachie sisi. Wageni wanakuja Alhamisi kuzindua ugawaji wa mbegu, na wanaiamini sahihi yako kuliko yangu. Mkataba wako nao uko hapa mezani, unasubiri kusainiwa. Au umechoka kazi?"

Akatabasamu kwa macho makavu. Na Bi Mizani, yule yule aliyemlowesha kibarua kwa mahindi mawili, akayasaini matokeo.

Alinawa kwa sabuni mara mbili na bado alijisikia mchafu. Alimchukia daktari, akajichukia zaidi, kisha akajipoza kwa hoja ambayo ilimnukia vibaya tangu inamtoka kichwani: wakulima ni watu wazima, watajionea wenyewe, mradi mdogo wangu nimtahadharishe. Alishika simu siku ya kwanza, akaiweka chini. Siku ya pili vivyo hivyo. Angeanzaje kumwambia kwamba amesaini uongo? Mdogo wake angekuja Jumapili. Angemwambia uso kwa uso.

Mvua ikaanza Ijumaa. Jumapili mdogo wake akaingia na matope viatuni na mfuko begani, amechangamka kweli kweli.

"Dada, safari hii sikukusubiri. Alhamisi wametugawia mbegu na karatasi ya matokeo. Kuangalia chini, sahihi yako hii hapa. Nikasema basi, maneno yamekwisha. Shamba lote nimeshapanda."

Bi Mizani akakaa. "Na mbegu za mama?"

"Za kazi gani tena? Nimezisaga asubuhi hii, debe zima." Akaushusha mfuko mezani, akausogeza kwa dada yake. "Huu wako. Unga laini huo, utaupenda."

Bi Mizani aliugusa. Ulikuwa bado na joto la mashine.