Kamba ya Moyo wa Plasidi

Kwa miaka saba Plasidi wa Urambo hakushika jembe, na hakuna aliyethubutu kumwita mvivu. Mvivu gani tena, mtu ambaye moyo wake umeshikiliwa na kamba?

Kamba yenyewe iligunduliwa Tabora mjini, kwenye zahanati moja alikokwenda na kikohozi cha moshi wa tumbaku. Kijana wa mashine ya picha alikodolea kioo macho, akasema anaona kitu kama kamba kimekatiza ndani ya moyo, nacho si cha kawaida. Ajiangalie. Mwingine angeuliza maswali, lakini Plasidi ni mkulima wa tumbaku. Anajua majani hufungwa kwa kamba na kuning'inizwa ndani ya bani yakauke, na kamba ikikatika mzigo wote huangukia motoni. Alirudi nyumbani akitembea kama aliyebeba mayai.

Toka siku hiyo akawa mtu wa kiti cha uvivu. Mkewe, Konsolata, alilima, akavuna, akachanja kuni, akachochea moto wa bani. Jumuiya ilikuja kila Alhamisi kusali rozari kwa ajili ya ile kamba, na Plasidi aliitikia kwa sauti ya chini asije akaikata.

Mwaka huu daktari bingwa wa moyo, binti aitwaye Imakulata, alifika Urambo. Plasidi akaenda kwake na mkewe. Daktari alimwamkia, akampima, akatabasamu.

"Mzee, huu ni mkanda wa nyama tu. Kila moyo unao. Wako umejitokeza vizuri kwenye picha, basi."

Plasidi akabisha, sala za miaka saba hazifutiki kirahisi. Ili kumaliza ubishi, daktari akamlaza Konsolata kitandani na kuwageuzia kioo. Kamba ile ile, tena nene kuliko ya mumewe.

Plasidi aliitafuta furaha ya mtu aliyepona asiipate. Alichokiona ni viganja vya mkewe vilivyojaa sugu, akaona haya.

Walipofika nyumbani Konsolata alipita jikoni bila kuingia, akajishusha kwenye kiti cha uvivu, akanyoosha miguu.

"Baba Ishimwe," alimwambia mumewe, "kumbe nami ninayo, tena nene. Kachanje kuni za bani. Na Alhamisi jumuiya wakija, waambie sasa wataje jina langu."